Kidole cha Shangazi

Mpaka mwisho wa maisha yake, Shangazi hakunywa kitu kabla ya kuzungusha kidole cha shahada kwenye ukingo wa kikombe. Hata ugenini. Wenyeji walidhani anatafuta uchafu, wakanuna, na binti wa kaka yake, aliyemlea tangu akiwa na miaka sita, akabaki kumtetea: "Ni mazoea ya kazini tu, msimjali."

Kazi yenyewe ilikuwa kwenye karakana ya mitungi ya mvuke, ile ambayo hospitali na maabara hufungia mikasi na chupa ili vijidudu vife. Kila mlango wa mtungi ulipita mikononi mwa Shangazi kabla ya kuvalishwa mpira. Alifumba macho, akapitisha kidole pale mpira unapokaa, akitafuta mkwaruzo mwembamba kama unywele. Pampu ya kupimia uvujaji haikuuona, kwa sababu mpira mpya huufunika. Mpira ukichakaa, mvuke huvuja, na mkasi hutoka una joto lakini haujatakasika.

"Shangazi, hicho kidole kikatie bima," mchomeleaji alimtania.

"Wewe katia bima mdomo wako, ndio unaofanya kazi tangu asubuhi."

Miaka ishirini na mitatu ilipita hivyo. Binti alipomaliza chuo cha ufundi, Shangazi ndiye aliyemwombea nafasi palepale, meza ya pili kutoka yake.

Jumapili moja mchana, Shangazi aliinua sufuria ya moto bila kitambaa. Aliibeba hadi mezani, huku anaendelea na hadithi zake. Binti ndiye aliyesikia harufu ya ngozi inayoungua. Alipompindua kiganja, vidole vilikuwa vimebabuka, na Shangazi akavitazama kama vya mtu mwingine.

"Huhisi?"

"Ni kisukari hiki. Ganzi inakuja na kuondoka." Akauvuta mkono wake. "Na usiniangalie hivyo, sijafa."

Kesho yake binti alianza kupita nyuma yake. Shangazi akienda kunywa chai, yeye huzungusha kidole chake kwenye milango iliyokwisha kupitishwa. Siku ya nne kidole kikakwama. Alirudia mara tatu, akitamani kiwe kinamdanganya. Akinyamaza, kuna mtu atapasuliwa kwa mkasi wa mtungi ule. Akisema, basi Shangazi, ambaye hakuwa na mume wala mtoto wa kuzaa, atapoteza meza aliyoizeekea. Mlango ule aliuficha chini ya turubai, akameza maneno siku mbili. Siku ya tatu alikwenda kwa msimamizi.

"Una hakika?"

"Njoo uguse mwenyewe."

Msimamizi aligusa, akarudia. "Na mitungi iliyokwisha kuondoka?"



Mitungi sita ilirudishwa kutoka hospitali. Miwili ilikuwa na mikwaruzo. Nani alitibiwa kwa vifaa vilivyotoka humo, na alipatwa na nini, hakuna aliyeweza kusema.

Shangazi aliitwa ofisini saa nne. Haikupita robo saa, akatoka. Alivua aproni, akaikunja vizuri kama mtu atakayeivaa kesho. Binti hakumtazama.

"Kikulacho," Shangazi alimwambia mchomeleaji, na hakumalizia. Mchomeleaji alishusha kinyago chake, akaendelea kuchomelea.

Waliishi nyumba moja mwaka na nusu baada ya hapo. Shangazi aliitikia salamu, akauliza kama chumvi imetosha, basi. Binti alimchoma sindano, akamfunga vidonda vya miguu, na wakazungumza kuhusu vidonda. Mara nyingi alifungua kinywa ili aombe radhi, akajiuliza aombe radhi ya nini hasa, akakifunga.

Hospitali walimlaza kitanda cha dirishani. Saa ya kutazama wagonjwa ilikuwa inakwisha, na binti alikuwa akimfunika shuka, Shangazi alipomshika mkono kwa nguvu, kama asiye na hakika kama ameushika.

"Ulifanya sawa," alisema. "Lakini ungeanza kwangu, mwanangu. Ningekwenda kujisema mwenyewe."