Maji Safi na Maji Matupu

Mama mkubwa wangu anauza miche, na ukimkuta amepiga magoti kando ya bwawa usidhani anasali. Anawatafuta kereng'ende wachanga, wale ambao hawajaota mabawa na bado wanaishi topeni. Majirani walimbandika jina Mama Wadudu, naye akalipokea kama cheo. Nampenda kwa hilo, wala sifichi.

Kitaluni kwake kuna mabwawa mawili ya kumwagilia. Baba mkubwa, dereva mstaafu asiyejua kukaa bure, alileta samaki wadogo wa kigeni akawatia bwawa la chini ili wale viluwiluwi vya mbu. Wakala kweli, na kila kilichotambaa wakakikomba. Mzee akawa anatembea kifua mbele.

"Oneni maji yalivyo safi!"

"Hayo si safi, ni matupu," mkewe alimjibu, akarudi kwenye miche yake.

Haukupita muda bwawa likawa kijani kibichi, maana konokono waliokuwa wakila mwani nao walikwisha. Mzee hakukubali kushindwa. Asubuhi moja alishika njia ya bwawa la juu na ndoo ya samaki wengine. Mama mkubwa aliingiwa na hofu, nikaiona usoni. Bwawa lile ndilo pekee lililobaki na uhai, na samaki wakishaingia, kuwatoa ni kazi ya kufa mtu. Nilidhani atapiga kelele. Wapi! Alibeba chujio la chai na sahani mbili nyeupe, akamfuata mumewe, akachota topeni mwa kila bwawa.

Sahani ya bwawa la chini ilipata tope tu. Ya juu ilijaa vurugu: mbawakawa wa majini, konokono wadogo kama punje za mtama, na kereng'ende mchanga aliyemnyaka kiluwiluwi cha mbu mbele ya macho yetu.

Baba mkubwa aliinama mpaka miwani ikamtoka. "Kumbe kazi hii ilikuwa na wenyewe?"

"Tangu zamani, baba watoto."

"Na wale wa kule chini?"

"Si uliwalisha samaki wako."

Mzee aliifunika ndoo taratibu. Sijawahi kumwona mnyonge vile.

"Watarudi?"

Nilisubiri amsute. Haki ilikuwa yake.

"Tukiwatoa samaki wote, pengine."

Alisema "tukiwatoa", si "ukiwatoa". Mzee akavua viatu, akakunja suruali.