Gauni Lililopunguzwa Kidole kwa Kidole

Kipimo huandikwa daftarini mbele ya mteja. Fundi huyu wa nguo aliishika sheria hiyo miaka ishirini, wala hakuivunja hata kwa mama yake mzazi. Mtu mmoja tu hakumwandika: shoga yake, karani wa posta. Mtaa uliwaita Uzi na Sindano. "Huyu namjua kwa macho," fundi alikuwa akisema.

Ukimsikiliza anavyosimulia, yeye ndiye aliyeonewa. Shoga alipata mchumba wa mji wa mbali, akaleta kitambaa cha gauni la harusi, naye akakipokea kwa vigelegele. Anadai bibi harusi alianza kunenepa kwa furaha, na kwa kuwa anampenda, akamwambia ukweli.

"Shosti, zipu haifungi. Mahari mnalipana kwa wali, au nini?"

"Mbona juzi ilifunga?"

"Juzi si leo, mwenzangu. Na huyo mwanamume ana macho."

Karani akaacha chakula cha jioni, kisha cha mchana. Kila Jumamosi alikuja kulijaribu, na kila Jumamosi gauni liligoma. Fundi alimkorogea uji mwepesi, akamfuta machozi, akamshauri asogeze tarehe. Ilisogezwa mara mbili. Hayo yote fundi anayaita kumuuguza.

Jumamosi ya sita karani alianguka kati ya cherehani na kioo. Dada yake mkubwa, aliyemsindikiza, alimlaza sakafuni akampepea. Alipofumbua macho, dada alichukua futi ya kupimia akamzungushia kiunoni. Kisha akaligeuza gauni ndani nje. Mishono ilikuwa minne, mmoja ndani ya mwingine, na ya kwanza imefumuliwa, vitundu vya sindano vikionekana bado.

"Mwenzetu amebaki mifupa. Gauni limebanaje?"

"Nilikuwa nalirekebisha, dada."

"Kwa kipimo gani? Lete daftari."

Fundi alishika mkasi, akauweka, akasema mteja huyu hana ukurasa.

Mpaka leo anaapa kwamba alitaka tu kumwepusha na ndoa ya pupa. Huenda mwenyewe anaamini hivyo. Lakini mkono uliofumua na kushona upya Ijumaa baada ya Ijumaa ulijua unalolifanya, na kumpenda mtu hakukupi haki ya kumfungia mlango.

Mchumba alichoka kusogezewa tarehe, akaoa kwingine. Karani alilazwa wiki tatu, na hadi sasa huiogopa sahani iliyojaa. Fundi alimpoteza rafiki wa miaka kumi na minane, na hana mwingine.