Kamua na Bangili za Marehemu

Jina alilopewa na wazazi lilishasahaulika mtaani. Watu walimwita Kamua. Kazi yake ilikuwa kujaza nyimbo kwenye simu za watu, ndani ya kibanda kilichotosha meza, kompyuta na kiti kimoja cha mteja, tena mteja mwembamba. Kwenye kadi ya simu ambayo wenzake waliingiza nyimbo mia, yeye aliingiza mia tatu. Alizikamua kama nguo iliyofuliwa, na ukimuuliza kilichotoka kimekwenda wapi, alikwambia kuna sauti nyingi ndani ya wimbo ambazo sikio hata halizisikii, kwa hiyo kuzibeba ni kujitwisha mzigo wa bure. Aliyasema hayo kwa madaha, utadhani sikio kalibuni yeye.

Siku moja alikuja mteja wake wa miaka mingi, seremala mstaafu, mzee wa maneno machache. Mkewe alikuwa amefariki miezi mitano nyuma. Kabla ya hapo mjukuu wao, anayesomea utangazaji, aliazima kinasa sauti cha chuo akamrekodi bibi yake akiimba huku anaosha vyombo, karibu saa nzima. Kinasa kilisharudishwa, rekodi ilibaki kwenye flashi aliyoishika mzee, na ilikuwa kubwa mno. Simu yake ilikuwa ya vitufe, yenye kupokea kadi ya ujazo mdogo tu. Nyingine hakuitaka, maana hiyo aliijua kwa vidole na macho yalishachoka.

"Niwekee humu, mwanangu," alisema. "Na nyimbo zangu zibaki."

"Mzee wangu, hiyo kwangu ni kama kunywa maji."

Kamua aliihamishia rekodi kwenye kompyuta, akaipunguza hadi ikawa kitu kidogo sana, akaiingiza kwenye kadi. Kisha, kwa mazoea, akaifuta ile kubwa isimjazie nafasi. Na kwa kuwa aliihamisha badala ya kuinakili, hata kwenye flashi hakikubaki kitu.

Asubuhi iliyofuata mzee alirudi, akakaa kwenye kile kiti.

"Amekuja," alisema, "lakini hakuvaa bangili zake."

Kamua hakuelewa.

"Alikuwa na bangili tatu. Akisugua sufuria, zinalia. Nimesikiliza mara nne, hazipo. Na yeye mwenyewe anaimba kama yuko ndani ya mtungi."

Kamua alifungua kinywa atoe hotuba yake ya sikio, akamtazama mzee, akakifunga. Sikio lililoishi na bangili hizo miaka arobaini angelifundisha nini? Aibu ilimshika. Akapiga moyo konde akasema kweli: "Mzee wangu, ile kubwa nimeifuta."

Mzee hakugomba. Aliweka tu kiganja juu ya meza, na Kamua angeona afadhali atukanwe.

Alifunga mlango wa kibanda. Wateja waliogonga aliwaambia waende kwa jirani, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, kwani yeye na jirani huyo walikuwa hawaivi chungu kimoja. Hakuthubutu kuhifadhi kitu kipya kwenye kompyuta, asije akaifunika rekodi kabisa. Alichomeka flashi yake yenye programu ya kufufua mafaili yaliyofutwa, wakasubiri. Mzee alikataa kwenda nyumbani. Adhuhuri ikawakuta hapo, Kamua akiwa hajabandua macho kwenye kompyuta, hadi rekodi ilipojitokeza, nzima.

Alimvisha mzee vipokea sauti masikioni. Mzee aliinamisha kichwa.

"Ndiye huyu," alisema, na machozi yakamtoka, wala hakuyafuta.

Kamua alimwacha asikilize mpaka mwisho, kisha akamwambia kwa upole, "Kadi yako haiwezi kuibeba hii nzima pamoja na zile nyimbo zako. Tuchague za kupunguza?"

"Futa zote."

"Zote, mzee wangu? Si umezikusanya miaka mingi?"

"Hizo, mwanangu, nilikuwa nazihitaji yeye akiwepo. Nilizisikiliza huku namsikia na yeye; bila yeye hazina ladha."

Kamua alifuta kadi nzima, akanakili rekodi ile moja kama ilivyo. Ilichukua muda, naye hakuiharakisha. Alipomaliza aliweka nakala nyingine kwenye kompyuta yake, kwa ukubwa wake wote, na haijaondoka hapo hadi leo.