Sufuria Iliyorudi Imejaa

Mimi naitwa Marvyl Sather, na ulimi wangu hauna breki. Kila mtu hapa kijijini kwetu Skogdal analijua hilo. Nimewahi kumwambia mchungaji mbele ya watu kwamba mahubiri yake yananipa usingizi kuliko dawa. Kwa hiyo mtashangaa nikiwaambia kwamba siku moja tu ambayo maneno yangu yangemfaa mtu, niliyameza yote, nikabaki natafuna soseji.

Mtu mwenyewe ni jirani yangu, Verlin Tostrud. Aliendesha lori la maziwa miaka thelathini na minane. Alfajiri, baridi inakata masikio, anaingia shamba hili, anavuta maziwa kwa mpira, anaandika kipimo ukutani, anaondoka kwenda shamba lile. Aliwajua ng'ombe wa watu kuliko wenyewe walivyowajua, lakini wenye ng'ombe hakuwa na maneno nao. Ukimsimulia jambo lolote, iwe harusi iwe zizi kuungua, jibu lake lilikuwa lile lile: “Naam, basi.” Maneno yalikuwa kazi ya mkewe, Ardis. Ardis aliongea kwa niaba ya wote wawili, na Verlin alisimama kando na kofia mkononi, ameridhika.

Ardis alifariki mwezi wa saba, ghafla, akiwa bustanini anachuma njegere. Tulimzika vizuri. Kwa wiki mbili tulimpelekea Verlin vyakula vya kupasha moto, mabakuli yakajaa hadi kwenye friji ya ghalani. Halafu tukaacha. Hapa kwetu mtu haingii kwa mwenzake bila kuitwa, na Verlin hajawahi kumwita mtu maishani mwake. Basi yeye akawa amekaa ndani akisubiri tubishe hodi, na sisi tumekaa kwetu tukisubiri atuite. Tukikutana naye dukani tunaongea mahindi, tunaongea mvua. Jina la Ardis hakuna aliyelitamka, tukiogopa kumtonesha kidonda. Baadaye aliniambia kwamba kuanzia mwezi wa nane hakulisikia jina la mkewe kinywani mwa mtu yeyote, hivyo akawa analisema mwenyewe jikoni, mara moja asubuhi, ili lisipotee. Aliponiambia hivyo nilitamani ardhi inimeze.

Wana binti mmoja, Renae, anayeishi Arizona, kule ambako watu huvaa kaptura wakati wa Krismasi. Alimpigia baba yake kila Jumapili, na mwezi wa tisa akamwambia wazi: Baba, majira ya baridi hukai peke yako humo ndani, nakuja kukuchukua. Verlin akaomba muda hadi chakula cha mavuno kanisani. Zile soseji ambazo Ardis alizileta kila mwaka, atazipika kwa mkono wake na kuzipeleka. Wakizila kama walivyozila za Ardis, atajua kwamba bado ana nafasi yake katika meza ile, na atabaki Skogdal. Zikirudi, atakwenda na Renae. Walikubaliana hivyo, baba na binti, na hakumwambia mtu mwingine. Mimi ningejua, haki ya Mungu ningezila zote peke yangu hadi nipasuke.

Chakula hicho huliwa Jumapili ya tatu ya mwezi wa kumi, katika ukumbi wa chini ya kanisa, baada ya ibada. Na lazima muelewe jambo moja: kwetu kila chakula kina mwenyewe. Karatasi hutundikwa karibu na makoti mwezi mzima kabla, kila mtu anaandika anacholeta, na ni kile kile cha mwaka jana na cha mwaka juzi. Keki ya tufaha ni yangu. Ile jeli ya kijani yenye karoti ndani, msiniulize kwa nini, ina mwenyewe pia. Huleti chakula cha mwenzako. Ni sawa na kuvaa viatu vyake. Na jambo la pili: sisi hatusifu. Chakula kikimpendeza mtu hadi kutaka kulia, atasema “si mbaya”, basi. Sifa yenyewe ni chombo. Kikirudi kitupu, umependwa. Cha Ardis kilirudi kitupu miaka yote, na watu walikwangua pembeni kwa mkate.

Mwaka ule nilipoitazama karatasi, hapakuwa na mtu wa soseji. Nikaona huruma. Nikajisemea, masikini Verlin, hajui hata kuchemsha yai, atakuja akute pengo la mkewe pale mezani, aumie. Nikachukua kalamu nikaandika jina langu. Sikuvuka barabara kumuuliza. Na barabara yenyewe ni hatua ishirini. Verlin naye hakuitazama karatasi, kwa sababu hajawahi kuitazama. Ardis ndiye aliyekuwa akiandika.

Wakati huo huo yeye yuko jikoni anahangaika. Ardis hakuacha maandishi ya mapishi. Verlin alijua tu vitu vilivyonunuliwa, maana ndiye aliyebeba mifuko: pakiti za soseji ndogo za ukubwa wa kidole gumba zilizokaushwa kwa moshi, chupa ya sosi nyekundu ya nyanya na pilipili, jamu ya zabibu, sukari ya kahawia, haradali. Jumamosi ya kwanza alivitia vyote katika ile sufuria ya umeme inayopika polepole, akaizungusha swichi hadi mwisho kwenye moto mkali, akaenda kukata majani. Sukari ikagandia chini, soseji zikapasuka, paka wa ghalani akanusa akajiendea zake. Jumamosi ya pili akatia moto mdogo, lakini akawa anafunua kifuniko kila baada ya robo saa kuchungulia. Mvuke wote ukatoka. Mchana soseji zilikuwa bado zinaelea kwenye maji mekundu.

Jumamosi ya tatu aliweka kiti mbele ya sufuria, akakaa mikono mapajani, saa nne nzima, bila kugusa kifuniko. Alikuwa na muda, aliniambia, hakuna aliyekuwa akimngoja. Zilitoka vizuri. Sosi ilikuwa nzito, inang'aa, imezishika soseji pande zote. Akaonja. Tamu, lakini tamu tu. Za Ardis zilikuwa na ukali uliochelewa, unaokufikia nyuma ya koo wakati mkono umekwisha kwenda kuchukua ya pili. Akaongeza pilipili ya unga. Ikawasha, lakini haikuwa Ardis.

Jumamosi ya nne alifungua friji kutafuta haradali, na mlangoni akaona chupa ya pilipili za siki. Yeye hali pilipili. Ardis naye hakuwa akila pilipili. Lakini kila mwaka ilikuwa kwenye orodha ya vitu vya kununua, naye akainunua bila kuuliza, kama alivyofanya mambo mengi. Safari hii akaitazama vizuri. Pilipili zilikuwa zimejaa hadi juu, hazijaguswa, na siki imeshuka hadi nusu. Akamimina vijiko vitatu vya siki ile kwenye sufuria, akafunika, akangoja. Alipoonja alikaa sakafuni, pale pale, akalia. Mtu ambaye sijawahi kumwona hata akipiga chafya mbele za watu.

Basi Jumapili ikafika. Alikuja na tai yake ya mazishi, amebeba sufuria imefungwa kwa taulo ndani ya boksi. Akaikuta yangu iko mezani, soseji, imekwisha kuchemka. Akaitazama, akanitazama mimi.

“Naona zimeshaletwa,” akasema.

Nikamwambia aweke tu hapo kando, nafasi ipo. Loo, nikikumbuka sauti yangu, utadhani nafasi ile niliirithi kwa bibi. Akachomeka waya wake, na hapo umeme wote wa ukumbi ukazimika, maana sufuria zilikuwa nyingi kwenye laini moja. Kila mwaka mtu mmoja huuzima. Ardis ungemsikia akicheka hadi barabarani. Verlin aliomba samahani, akachomoa ya kwake, akaiacha hivyo hivyo bila moto. Mimi nilipaswa kuchomoa yangu. Nilifikiria kuichomoa, halafu nikafikiria jina langu kwenye karatasi, nikaiacha.

Watu wakapanga foleni. Wakaona sufuria mbili za soseji, ya Marvyl na ya Verlin, na mimi nimesimama nyuma na kijiko. Mnatujua sisi. Hakuna aliyetaka kumuudhi mtu. Kila mmoja akachukua moja kwangu na moja kwake, sawa kwa sawa, hata watoto walikonyezwa wafanye hivyo.

Halafu wakakaa, wakala. Mzee Orrin, anayegonga kengele ya kanisa, aliacha kutafuna akawa anaangalia sahani yake. Meza ya wanawake ilikuwa inasema wee, mara kimya. Mimi nikaitia ya Verlin mdomoni nikiwa bado nimesimama. Kwanza utamu. Halafu ule moto ukanifikia nyuma ya koo, umechelewa vile vile, na Ardis akawa yupo pale ukumbini, na aproni yake, na kicheko chake. Nilishika ukingo wa meza. Pengo la rafiki yangu liliniuma siku ile kuliko siku ya kumzika.

Na hakuna aliyerudi kuongeza. Hakuna hata mmoja. Nani angekuwa mtu wa kummaliza Ardis? Nani angechukua ya mwisho? Nikaona watu wanaitazama ile sufuria, wanatazama pembeni, wanajimiminia kahawa. Verlin alikaa mwisho wa meza, mahali pa kuiona vizuri. Alikaa hadi kahawa ikaisha. Nilipita karibu naye na birika, maneno yamenijaa kifuani, nikafungua mdomo.

“Si mbaya, Verlin.”

“Naam, basi,” akasema.

Akaifunga sufuria kwa taulo, akaibeba ngazini. Ilikuwa nzito, nilimwona akipumzika katikati.

Jumamosi iliyofuata niliona gari geni kwake na maboksi barazani. Hapo ndipo nilipovuka hatua zile ishirini, bila kuitwa. Renae alikuwa juu anakunja mashuka. Verlin akanikaribisha kwenye kiti cha Ardis, akanieleza yote niliyowaeleza ninyi: makubaliano na binti yake, zile Jumamosi nne, chupa ya siki, na jina alilokuwa akilisema asubuhi. Sijui kwa nini aliniambia. Nadhani kwa sababu alikuwa anaondoka. Mtu ambaye hakuwahi kuongea aliongea nusu saa, na mimi nikawa nimeketi pale kama mwizi aliyekamatwa.

“Verlin,” nikamwambia, “zilikuwa zile zile. Za Ardis kabisa. Ukumbi mzima ulijua.”

“Walikula moja moja, Marvyl. Nilikuwa nawatazama.”

“Hatukutaka ziishe.”

Akaniangalia. Nikadhani limemwingia. Halafu akatabasamu, na tabasamu lenyewe nililijua, ni lile tunalomtolea mgeni anayesifia ile jeli ya karoti kwa adabu tu.

“Umefanya vizuri kuja kuniambia hivyo,” akasema. “Ardis alisema siku zote kwamba una moyo mwema.”

Nikachemka. Nikamwambia mimi sina moyo mwema, amuulize mtu yeyote, amuulize mchungaji. Nikamwambia azilete hizo zilizobaki, azipashe moto, tukae pale pale mimi na yeye tuzile hadi aone chini ya sufuria, ndipo ataamini.

“Nilizimwaga nyuma ya ghala Jumapili ile ile,” akasema. “Asubuhi wanyama walikuwa hawajaacha hata moja.”

Nikamwambia abaki. Nilisema wazi, kwa neno lenyewe, mara mbili: baki, Verlin, baki. Kwetu watu huoana na kuzikana bila kuambiana neno kama hilo. Akanigonga begani taratibu, akasema baridi ikikaza nisitoke na koleo la theluji bila kofia, akanisindikiza hadi mlangoni, akaushika mlango nipite.

Aliondoka Jumanne saa nne asubuhi, akiamini kwamba mimi ni mtu mwema, na asiamini hata neno moja nililomwambia.