Iliki ya Dolat na Farasi wa Sable

Hii hamtaiamini, shauri yenu. Dolat wa mtaa wa Malvern, hapa kwetu Scarborough, mpishi wa shughuli zetu zote, mwaka 2015 alifika Kisiwa cha Sable, mchanga mtupu katikati ya bahari, wanakoishi farasi wasio na mwenyewe. Marehemu mumewe, Fatehali, alikufa akiiota safari hiyo. Na kwa kuwa mgeni haendi mikono mitupu, Dolat akabeba mfuko wa mandazi ya iliki.

Mlinzi wa kisiwa akamwonya, "Mama, sheria inawalinda farasi hawa. Usiwalishe, usiwasogelee. Ukikosea, unarudishwa sasa hivi."

Ukungu ukafunguka. Farasi wakateremka mchangani, singa zimewafunika macho, bila hatamu wala bwana, wamelindwa na maneno ya sheria tu. Dolat akasahau kupumua. Dume mmoja akanusa iliki, akamjia. Dolat, ambaye hajawahi kumnyima kiumbe chakula, akaukumbatia mfuko, akarudi nyuma huku machozi yakimtoka.

Basi yule dume, mkubwa kuliko basi la Scarborough, akapiga magoti, akamwamkia kwa Kiswahili safi, akasema, "Shikamoo, Ma..."

"Shemeji, koma!" Dolat mwenyewe akanidakia kutoka jikoni. "Magoti yapi? Alinipa mgongo, akaenda kula nyasi!"