Leo mutumbwi umeniacha

Leo asubuhi mutumbwi umeniacha. Mara ya kwanza tangu nihamie Lubunga!

Nyinyi wa Makiso munaniuliza kila siku nilifuata nini ng'ambo ya mto. Bon, vyumba viwili kwa bei ya chumba kimoja kule kwenu, na muhogo nyuma ya dirisha. Na mutumbwi ulikuwa unaningoja kila asubuhi hata nikichelewa. Nilizani iko bahati yangu.

Leo nilikimbia, nikapiga kelele, ukaenda tu.

Uliporudi nikamurukia mwenye mutumbwi. "Kwa nini leo hamukuningoja?"

Akaniangalia.

"Mama, si mimi nilikuwa nakungoja. Ni ule papa, ule muzee jirani yako wa kofia nyekundu, anayevusha makala ya kupikia. Alikuwa anashika kamba, anakataa tuondoke. Anasema, mutoto wangu iko anakuja."

"Na leo yuko wapi?"

"Amekufa jana mangaribi. Hawakukuambia?"

Kati ya nyumba yake na yangu kuna mihogo tu. Jana nilisikia watu wanalia, nikafunga dirisha.

Kila siku ndani ya mutumbwi aliniuliza, "Umelala muzuri, mutoto?" Nilijibu "ndiyo, papa", macho kwenye telefone.

Kazini, chef, mukubwa wangu, akauliza kwa nini nimechelewa. Nikasema nimefiwa na jirani.

Akachukua kalamu. "Pole sana. Alikuwa anaitwa nani?"

Nikasema, "Papa wa kofia nyekundu."

Nyinyi je, jirani yenu anaitwa nani?