Gari Lililojua Kupanda Tu

Kila masika yakianza kugonga bati, mwanangu, mimi hurudi kwenye asubuhi moja ya zamani, upande wa Muleba, kwenye barabara ya udongo mwekundu inayoshuka kutoka kijiji nilikozaliwa. Siipendi safari hiyo. Lakini leo nimekuona umelala chini ya ile pikapu yako kuukuu, unapima springi, unawaeleza wenzako jinsi utakavyoiinua ipite kila mahali, nikasema moyoni, huyu mtoto wa jirani lazima aambiwe. Kaa hapo kwenye mkeka. Pumzi yangu si ndefu kama zamani, kwa hiyo nikinyamaza katikati usidhani nimemaliza.

Mume wangu Kamugisha hukumkuta. Tulipooana tulikaa Hamugembe, nyumba ya vyumba viwili katikati ya migomba, na yeye alikuwa fundi wa magari. Pikapu yake aliipata kwa mkandarasi aliyekuwa amemaliza kazi ya barabara. Bodi ilikuwa imeliwa na kutu, mlango mmoja ulifungwa kwa waya, lakini injini ilikuwa na roho ya paka. Kamugisha aliipenda kama mtu anavyompenda ng'ombe wake wa kwanza. Jioni akirudi kazini hakukaa. Alivua shati la gereji, akavaa jingine chafu zaidi, akaingia chini ya gari lake. Mimi nilimpa spana. Nilijifunza majina ya vyuma vyote kwa namna hiyo, nikiwa nimechutama na mtoto mgongoni.

Alitaka gari la kwenda kule ambako magari mengine yalikuwa yakirudi. Wewe unaijua milima ya Muleba, upande ule unaotazama ziwa. Mvua zikishika, udongo unakuwa sabuni. Kahawa inaoza majumbani, ndizi zinaivia shambani, mgonjwa anabebwa kwenye machela. Kamugisha akasema atafika huko. Akatoa springi za asili, akaweka za lori. Akaongeza shokapu ndefu. Akafunga tairi pana zenye meno kama ya jembe, na kwa ajili hiyo akalazimika kukata mabati ya pembeni. Akapandisha bomba la hewa hadi juu ya paa ili injini isinywe maji mitoni. Akachomelea chuma cha mbele, akafunga na winchi ya kujivuta topeni. Gari likasimama juu, hata mimi kupanda nilihitaji kigoda.

Watu waliliita Mbuzi, kwa sababu hakuna mlima uliolishinda. Watoto walikuwa wakilikimbilia wakipiga vigelegele. Mafundi wenzake walikuja kuchungulia chini, wakatikisa vichwa kwa kumhusudu. Kamugisha alisifiwa mpaka mimi nikaogopa. Wahenga walisema ngoma ikilia sana hupasuka, nami nilikuwa nikiisikia ngoma hiyo kila siku.

Basi Jumapili moja baba mkwe wangu, Ta Byabato, akaja kututembelea kutoka Kashozi. Alikuwa mkulima wa kahawa na migomba, lakini ujanani aliendesha lori la misheni miaka mingi, akaacha macho yalipoanza kufifia. Mtu mpole sana yule, hakuwa mwepesi wa kusema. Baada ya chakula alitoka nje na fimbo yake, akalizunguka gari. Akachutama. Akaingiza kichwa chini ya bodi, akakaa huko muda mrefu. Mume wangu alisimama pembeni akitabasamu, akingoja sifa.

"Weka jeki chini ya bodi," mzee akasema. "Liinue mpaka tairi za nyuma zining'inie."

Kamugisha akainua. Ekseli ikashuka na zile springi ndefu, ikaning'inia. Mzee akanyoosha fimbo, akaugusa mpira wa kupitisha mafuta ya breki unaotoka kwenye fremu kwenda kwenye ekseli. Ulikuwa umenyooka, umekaza kama kamba ya mbuzi anayetaka kukimbia.

"Huu ni mpira wa gari fupi," akasema. "Wewe umelifanya gari liwe refu. Siku tairi zikining'inia shimoni na mzigo juu, utakatika. Na kebo ya breki ya mkono iko wapi?"

"Haifiki tena, Tata. Nimeifunga kwa waya kwa muda. Lakini breki za mguu zinashika vizuri sana, jana nimetoka Kashura sikuona shida."

"Kashura ni tambarare."

"Nitabadilisha, waitu, baba yangu. Msimu wa kahawa ukiisha tu."

Mzee akainuka polepole, akapangusa magoti. Mwanangu, sikuwahi kumsikia akipandisha sauti, na siku ile pia hakupandisha. Lakini alimtazama mwanawe kwa namna iliyonifanya niingie ndani. Nikiwa mlangoni nilimsikia akisema: "Mbuzi wako umemfundisha kupanda. Kushuka atafundishwa na nani? Kamugisha, mlima unaoupanda na watu ndio huohuo utakaoushuka nao. Watu si magunia."

Jioni Kamugisha akataka kumrudisha nyumbani kwa gari. Mzee akakataa. Akasema atapanda basi. Akaenda kwa miguu mpaka barabarani, mvua ikinyunya, fimbo mkononi, na mume wangu akabaki ameshika funguo kama mtu aliyepigwa kofi mbele ya wageni. Aliumia. Lakini mtu akiumia anaweza kufanya moja ya mawili: kujisahihisha au kujitetea. Yeye alijitetea. Alisema wazee wa malori hawajui magari ya siku hizi. Wiki iliyofuata alifunga taa kubwa juu ya paa. Mpira wa breki aliuacha.

Kisha masika yakaja, na simu ikaita asubuhi wakati nachemsha uji. Alikuwa mama yangu. Mdogo wangu Kemilembe, ambaye mimi ndiye niliyembeba mgongoni utotoni, alikuwa na uchungu wa uzazi tangu jana yake na mtoto hatoki. Gari la wagonjwa lilikuwa limekwama topeni chini ya mlima. Vijana waliotakiwa kubeba machela walijaribu, wakateleza, wakarudi. Mama alisema neno moja tu, "Njooni," halafu nikamsikia Kemilembe nyuma yake.

Kamugisha hakungoja hata uji. Mtoto wetu nilimwachia jirani, tukaondoka.

Na gari lile lilipanda, mwanangu! Nisidanganye. Tulilipita gari la wagonjwa likiwa limezama mpaka milangoni, dereva wake akatupungia mkono. Tulivuka mto maji yakiwa yamefika kwenye taa. Mlimani matope yaliruka mpaka juu ya paa, tairi zikatafuna udongo, zikapanda. Tulipofika uwanjani kwa baba, watu walilia kwa furaha. Mama alimshika Kamugisha miguu. Kwa saa ile mume wangu alikuwa malaika, na mimi nilijivuna naye, sioni aibu kusema.

Tukamtoa Kemilembe, tukamweka mbele, upande wa mlango, kichwa chake begani kwangu. Mama akapanda nyuma. Lakini hapo watu wakajaa. Lilikuwa gari la kwanza kufika tangu mvua zianze. Huyu ana gunia la kahawa, huyu anataka kumwona mwanawe aliyelazwa mjini, huyu ana mkungu wa ndizi tu, ataushika mwenyewe.

"Tumbebe mgonjwa peke yake," nikamwambia Kamugisha.

"Ni watu wa kwenu," akanijibu. "Nikiwaacha mvuani na nafasi ipo, nitawatazamaje siku nyingine? Gari lina nguvu."

Lilikuwa na nguvu kweli. Hilo ndilo lililotumaliza.

Tulianza kushuka. Kemilembe alikuwa ameshika mkono wangu, akiniambia uchungu ukija na ukienda, na ukienda alikuwa akiomba radhi kwa kunikwaruza. Alikuwa hivyo, mtu wa kuomba radhi. Chini ya kona ya kwanza mvua ilikuwa imechimba mfereji kukatisha barabara. Kamugisha akaingia taratibu kabisa. Tairi za mbele zikavuka. Za nyuma zikashuka ndani, zikaning'inia, gari likapinda, nikasikia chini yetu kitu kidogo, kama uzi mnene unavyokatika. Kisha tukatoka mferejini, na barabara mbele yetu ikainamia chini.

Nilimwona akikanyaga breki. Mguu ukaenda mpaka chini. Akakanyaga tena, na tena. Lile lilikuwa gari la zamani, njia ya mafuta ya breki ni moja kwa tairi zote. Ikikatika, hakuna iliyobaki. Akavuta breki ya mkono, ikaja mikononi kama kamba isiyofungwa popote. Akajaribu kurudisha gia ya chini, ikalia, ikakataa kuingia. Mzigo wa nyuma ukatusukuma.

"Shikeni!" akapiga kelele.

Kulia kulikuwa na bonde. Kushoto kulikuwa na ukuta wa udongo. Akakata usukani kushoto, na mpaka leo nasema alichagua vizuri kati ya mabaya mawili. Gari la kawaida huenda lingegonga likasimama. Letu lilikuwa limesimama juu mno. Liligonga, tairi za kushoto zikaparamia ukuta, na likapinduka upande wa kulia, upande wa dereva.

Ngoja kidogo.

Kimya kilikuja kwanza, halafu mvua, halafu sauti ya mama akiita majina yetu. Mzee mmoja jirani yetu, yule aliyekuwa akienda kumwona mwanawe, alilaliwa na magunia, hakuinuka tena. Mguu wa Kamugisha ulibanwa chini ya mlango. Kemilembe tulimtoa kupitia kioo cha mbele, tukamlaza juu ya majani ya migomba kando ya barabara. Hakuwa na jeraha la kuonekana. Alikuwa amejigonga tumboni. Aliniuliza kama mama ni mzima, nikamwambia ni mzima. Akauliza mbona mtoto hachezi. Nilimwambia mtoto amelala. Alikufa kabla watu wa chini hawajafika na machela, naye mtoto akafa ndani yake. Tuliwazika pamoja, kaburi moja, kwenye kibanja cha mumewe, katikati ya migomba.

Kamugisha alilazwa muda mrefu. Kuna msemo watu wanapenda kuusema, asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mimi siusemi. Mume wangu aliuvaa mwilini, akachechemea nao mpaka kufa, nami niliuosha ule mguu na kuufunga, najua uzito wake.

Ta Byabato alikuja hospitalini siku ya pili. Nilijiandaa kusikia maneno ambayo alikuwa na haki ya kuyasema. Hakuyasema. Aliomba maji ya moto, akakunja mikono ya kanzu, akamwosha mwanawe matope yaliyokuwa yamekaukia shingoni na masikioni, taratibu, kama unavyomwosha mtoto. Kamugisha akaanza kulia. "Tata, nimeua watu," akasema. Mzee hakumkatalia. Alimwambia, "Utapona, kisha utakwenda kwa wenye msiba kwa miguu yako, na ukifika usijitetee."

Akaenda. Alikwenda na magongo, mimi nyuma yake. Familia ya yule mzee ilimpokea, ikamsikiliza, ikamwombea. Shemeji yangu, mume wa Kemilembe, alimsikiliza akiwa amesimama, kisha akaingia ndani na kufunga mlango. Alikuwa na haki yake. Mama yangu alimsamehe kwa mdomo, na naamini alitaka kumsamehe kwa moyo, lakini mpaka alipofariki hakula tena chakula nyumbani kwetu. Alikuwa akija, akikaa, akisalimia wajukuu, na nikiweka sahani anasema ameshiba. Mwanangu, gari linatengenezwa. Ile sahani sikupata fundi wake.

Watu walimwambia Kamugisha arudi barabarani, kwamba kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Ufundi alirudia, usukani hakuushika tena. Na kijana yeyote aliyemletea gari la kuinuliwa alimchosha kwa maswali kwanza, mpaka wengine wakaenda kwa mafundi wengine. Hakujali.

Sasa nisikilize, maana hapa ndipo nilipokuwa nikikuleta. Sikukatazi kuliinua gari lako. Barabara zetu ni hizi, na wagonjwa bado wako juu ya milima. Liinue. Lakini kila unachokiongeza, uliza kimefupisha nini. Ukirefusha springi, refusha mpira wa breki na kebo. Ukiweka tairi kubwa, jua breki zimebeba kazi kubwa zaidi. Kabla ya taa, kabla ya rangi, kabla ya sifa, hakikisha linasimama likiwa limejaa, kwenye mteremko, kwenye mvua. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na kuna ukuta mwingine hujengwa kwa udongo wa makaburi. Anayekuonyesha kosa lako mbele ya watu, hata akikuaibisha, mshukuru, kisha lala chini ya gari uangalie alichokionyesha siku hiyohiyo, si baada ya msimu. Na watu wakijaa nyuma wakikuita mwema, uwe na moyo wa kuwaambia hapana, washuke, wakuchukie wakiwa hai.

Nenda, mwanangu. Mungu aipe mikono yako ufundi na masikio yako unyenyekevu. Akuongoze unapokwenda na akurudishe. Kila utakayempakia ashuke kwa miguu yake mwenyewe, na mama yako asije akapokea simu kama ile niliyopokea mimi. Amina.